Andika Bei: Somo la Machinga wa Mtaa wa Kongo kwa Sisi Tunaouza Mtandaoni

 

Wiki iliyopita nilikuwa Dar es Salaam kwa siku mbili. Nilikwenda kutafuta bomba la kupulizia dawa la lita 16 kwa ajili ya shamba darasa letu, na kama mnavyojua, ukitafuta kitu Dar utaishia Kariakoo. Bomba nimelipata. Lakini nimerudi pia na jambo ambalo nataka tulizungumze leo, kwa sababu linatugusa sisi huku vijijini kuliko tunavyodhani. Jambo lenyewe ni hili: wengi wetu tumeingia kwenye WhatsApp, Facebook na Instagram kutafuta wateja, halafu tunawafukuza wenyewe kwa mikono yetu.

Haya ni maoni yangu. Unaweza kuyapinga, ila soma kwanza hadi mwisho.

Nilichokiona Mtaa wa Kongo

Asubuhi ya siku ya kwanza nilisimama Mtaa wa Kongo kama nusu saa nikimsubiri mwenzangu. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa ametandika turubai na kumwaga ndala juu yake. Pembeni ana spika ndogo aliyojirekodi sauti yake, inarudia bila kuchoka: "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe, buku mbili!"

Hakuwa na maneno mengine. Lakini ukimsikia mara moja tu unajua anauza nini, kwa bei gani, na kwamba unaruhusiwa kuchagua kwa mkono wako. Watu waliokuwa na haraka walisimama, wakajaribu, wakalipa, wakaondoka. Wale ambao buku mbili haikuwa bei yao walipita bila kumpotezea muda. Katika hiyo nusu saa sikumwona akibishana na mtu hata mmoja kuhusu bei.

Baadaye nikakaa kunywa chai, nikafungua simu kutafuta bomba langu. Nikapata ukurasa wa duka lililoandika kwamba liko Kariakoo hapo hapo. Picha nzuri, bomba linang'aa. Chini yake wameandika: "Mzigo mpya umeingia! Bei inboksi. Tunatuma mikoani." Nikaandika inboksi: "Habari, hilo bomba bei gani?" Saa moja ikapita. Likaja jibu: "Habari boss, uko wapi?" Nikajibu kwamba mimi ni wa mkoani, Morogoro. Baada ya muda nikatajiwa shilingi 65,000, "ila kwa ajili yako 63,000".

Nikamaliza chai, nikaingia mitaani kwa miguu. Kwenye duka la tatu nikakuta bomba la aina ile ile, limebandikwa karatasi ya bei: 52,000. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaondoka.

Sasa jiulize: yule wa inboksi amepata nini kwangu? Amepoteza mauzo. Na zaidi ya hapo, ameniambukiza shaka. Kila nikiona "bei inboksi" sasa najiuliza, "Huyu anataka kwanza ajue natoka wapi ndipo anipangie bei?"

Kwa nini watu wanaficha bei

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Nimezungumza na wafanyabiashara kadhaa pale, na sababu zao nazifahamu.

Wa kwanza anasema akiandika bei, jirani ataiona na kupunguza mia tano. Ni kweli. Lakini jirani huyo huyo anaweza kumtuma mtu inboksi kama mteja akaulize. Bei ya Kariakoo si siri ya mtu mmoja, milango inatazamana. Anayefichwa bei ni mteja aliye mbali, na huyo ndiye ulifungua ukurasa kwa ajili yake.

Wa pili ni winga. Wageni wa Kariakoo wasiofahamu: winga ni yule anayekuchukua na kukupeleka kwenye duka lenye mali unayotaka, kisha anaweka cha juu chake. Siku hizi mawinga wengi wanafanya kazi hiyo kwa simu. Wanapiga picha mali ya maduka ya watu, wanaiweka kwenye kurasa zao, ukiagiza wanakwenda kukununulia. Mimi simdharau winga. Anatembea juani, anajua duka gani lina nini, na wewe uliye Mvomero au Kilosa anakuokolea nauli na siku nzima ya kuhangaika. Cha juu ndiyo ujira wake na ni haki yake. Ninachosema ni kwamba winga anayesema wazi "bei ya duka ni hii, ya kwangu ni elfu tatu" atarudiwa na wateja mwaka mzima. Anayeficha atapata mteja mara moja.

Wa tatu anasema bei zinabadilika. Hili ndilo la kweli kabisa, hasa kwetu wakulima. Nyanya ya asubuhi si bei ya nyanya ya jioni. Dawa yake ni ndogo: andika tarehe. "Bei ya leo Jumanne." Kesho ikibadilika, andika nyingine. Mteja anaelewa kwamba bei hupanda na kushuka. Asichoelewa ni kutoambiwa.

Kosa langu mwenyewe

Msidhani naandika haya nikiwa juu ya mlima. Msimu uliopita nilikosea, na gharama hawakulipa mikono yangu.

Kuna kikundi cha wakulima wa nyanya katika eneo langu. Niliwafundisha kutafuta soko kwa simu, nikawaambia, "Wekeni picha inayovutia." Nikaishia hapo. Kijana mmoja wa kikundi akachukua picha ya nyanya kutoka mtandaoni, nyekundu, kubwa, zote sawasawa kama zimechongwa. Akaweka kwenye makundi ya WhatsApp na kuandika: "Nyanya safi zipo, bei maelewano." Mnunuzi wa Dar akapiga simu. Wakakubaliana matenga 60 kwa shilingi 35,000 kila tenga.

Mnunuzi akaja na Kenta. Akafungua tenga la kwanza, la pili, la tatu. Nyanya zetu hazikuwa mbaya, lakini zilikuwa za kawaida: kubwa na ndogo zimechanganywa, na kama ilivyo tabia yetu, nzuri zimepangwa juu. Akawaonyesha ile picha kwenye simu yake. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Akachagua matenga 14, akalipa, akageuza gari.

Matenga 46 yaliyobaki yalikuwa yameshavunwa. Nyanya iliyovunwa haimsubiri mtu. Jioni akapatikana dalali, akayachukua kwa 15,000 kila tenga. Piga hesabu: matenga 46, kila moja limepoteza shilingi 20,000, jumla ni shilingi 920,000. Kwa kikundi cha watu wanane hiyo ni ada za shule, ni mbolea ya msimu unaofuata. Mama mmoja wa kikundi hakunifokea. Aliniuliza tu, "Afisa, mbona hukutuambia picha iwe ya nyanya zetu?" Bado nalisikia swali hilo.

Ndiyo maana leo sitawaambia "jitangazeni" tu. Nitawaambia jinsi.

Moja: bei, kipimo, mahali, siku

Tangazo lako likikosa kimojawapo cha vitu hivi vinne, halijakamilika. Linganisha haya mawili.

La kwanza: "Nyanya safi zipo, karibuni wateja, bei maelewano."

La pili: "Nyanya, tenga moja kilo 40 kwa mizani. Shilingi 30,000 shambani, bei ya leo Jumanne. Tunayo matenga 25. Tunavuna Alhamisi asubuhi. Kenta inafika hadi shambani. Ukichukua matenga 10 na kuendelea, tunazungumza."

Hilo la pili bado limeacha nafasi ya maelewano, kwa sababu biashara yetu bila kupatana haina utamu. Lakini mnunuzi aliyeko Ilala au Mabibo anaweza kupiga hesabu ya mafuta na ya kupakia kabla hajapiga simu. Ukipigiwa, ujue unapigiwa na mtu aliyekwisha kuamua nusu.

Kuhusu kipimo, naomba tuachane na lumbesa na "ndoo iliyojaa". Lumbesa ni kinyume cha sheria ya vipimo, na mtandaoni ni mbaya zaidi, kwa sababu mnunuzi haoni gunia lako. Tenga lako na la mwenzako wa kijiji cha pili si sawa. Kilo ni ile ile Morogoro na Kariakoo. Kikundi kikichangishana na kununua mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mtakuwa na lugha moja na kila mnunuzi.

Mbili: picha iwe ya mali yako, ya leo

Huhitaji simu ya bei kubwa. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa si kali. Weka mali juu ya turubai safi. Weka mkono wako au kisado pembeni ili mtu ajue ukubwa. Kisha mwaga tenga moja na upige picha ya zilizokuwa chini. Najua hili linauma. Lakini picha ya chini ya tenga itakuuzia kuliko picha kumi za juu, kwa sababu hakuna mwingine anayethubutu kuiweka.

Kama mali yako ni ya daraja la pili, sema ni ya daraja la pili. Mama lishe na mpishi wa chipsi hahitaji nyanya ya kupamba meza. Anahitaji nyanya ya kupika, kwa bei inayomfaa. Huyo naye ni mteja, tena anakuja kila siku.

Tatu: fungua mlango mmoja kwanza

Naona watu wanafungua Instagram, Facebook, TikTok na vingine kwa siku moja. Baada ya mwezi kurasa zote zimekauka kama bustani isiyomwagiliwa, na mteja akiandika hakuna anayejibu. Ni afadhali mlango mmoja wenye mtu ndani kuliko milango mitano iliyofungwa.

Upi? Inategemea wateja wako wako wapi. Anayeuza nguo na viatu anahitaji watu wengi waone haraka, na ndiyo maana utawaona wafanyabiashara wa Kariakoo wakiuza kwa laivu, wameshika gauni mkononi na kutaja bei. Anayeuza mahindi, maharage, nyanya au kuku anahitaji wanunuzi wachache wanaorudi. Kwa huyo, mimi nashauri WhatsApp Business. Programu hiyo ni ya bure. Unaweza kupanga bidhaa zako na bei kwenye orodha, ukaandika saa za kazi, na ukaweka jibu la kwanza linalojituma lenyewe ukiwa shambani. Stetasi hudumu saa 24 tu, kwa hiyo inakulazimisha kuweka bei mpya kila siku. Hilo ni zuri.

Na wale wateja wenye vitochi? Msiwasahau. Majirani zetu wengi hawana simu janja, na bando nalo lina gharama. Meseji fupi ya kawaida, "Kuku 12 wapo, 18,000, kesho mnadani", inafika kwenye kila simu.

Jambo moja la kukataa kabisa: kununua wafuasi. Utaletewa watu elfu tano ambao hawajui Mgeta iko wapi na hawatakula kabichi yako. Watu 40 wanaokula kabichi yako wanatosha kukulipia shamba.

Nne: ukurasa ni shamba la kukodi, daftari ni shamba lako

Sote tunajua tofauti ya shamba la kukodi na la kwako. La kukodi unalima vizuri, lakini mwenyewe akibadili mawazo unaondoka. Ukurasa wa mtandaoni ni hivyo hivyo.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram vilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na nchi jirani. Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Ongeza na wale wanaodukuliwa akaunti, au wanaoibiwa simu stendi. Mwenye namba za wateja ndani ya simu tu, siku hiyo hana wateja.

Kariakoo yenyewe inatufundisha. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliungua, lile jengo la miaka ya 1970 lililosanifiwa na Beda Amuli, ambalo wengi wetu tulilijua kwa mazao na pembejeo za Shimoni. Wafanyabiashara wakatawanyika kwenda kutafuta pa kujishikiza. Mzee mmoja niliyekuwa nikinunua mbegu kwake alinipigia simu wiki chache baadaye: "Afisa, niko sehemu nyingine sasa, njoo." Namba yangu alikuwa ameiandika kwenye daftari la nyumbani. Mali iliungua, wateja hawakuungua. Mpaka leo nanunua kwake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata mteja. Nunua daftari. Andika jina, namba, alichonunua, siku gani, na kama aliridhika. Kila Jumapili chukua dakika kumi uandike wapya. Ukiandika namba za watu, zitunze. Usimpe mtu mwingine na usizimwage kwenye kundi bila ruhusa yao. Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, ni heshima.

Tano: pesa iende kwa jina la biashara

Matapeli wametuharibia sana. Nani hajawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kwa hiyo mteja akikuogopa usikasirike. Mwondolee hofu.

Chukua lipa namba kutoka kwenye mtandao wako wa simu. Mteja akianza kulipa ataona jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri. Jina lililo kwenye ukurasa wako, kwenye lipa namba na kwenye risiti likiwa moja, mtu analala usingizi. TIN inatolewa bure na TRA, na jina la biashara linasajiliwa BRELA. Usiseme "bado ni mdogo". Mti hunyooshwa ukiwa mdogo.

Kwa upande wa kununua, fanya hivi. Duka la mtandaoni usilolijua, anza na kitu kidogo. Omba video fupi ya mali hiyo ikionyeshwa sasa hivi, siyo picha. Jina likitokea tofauti na ulilotajiwa, acha kulipa na uulize. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma. Na mbegu, tafadhali, usinunue kwa picha peke yake. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, na uone lebo ya TOSCI kwenye pakiti. Ndala feki inakatika mguuni. Mbegu feki inakula msimu mzima.

Maneno yangu ya mwisho

Tuna misemo miwili inayogombana. Mmoja unasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine unasema biashara ni matangazo. Kwa miaka mingi wakulima tumejificha nyuma ya ule wa kwanza: tunalima vizuri, tunakaa barazani, tunamsubiri dalali atupangie bei. Vijana wetu nao wamekimbilia ule wa pili: matangazo mengi, mali haionekani.

Mimi nasema yule machinga wa Mtaa wa Kongo ameipatanisha. Mali iko wazi juu ya turubai, ameitangaza, bei ameitaja, na kila siku anatafutwa pale pale. Mtandao haujabadilisha kanuni hizo. Umeongeza tu urefu wa mtaa, kwamba aliyeko Mgeta anaweza kusikika Ilala.

Kile kikundi cha nyanya kimepanda tena. Safari hii tumekubaliana: mizani kwanza, picha zetu wenyewe, bei ya siku na tarehe yake. Yule mnunuzi wa Kenta nimempigia mimi mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamweleza. Hajaahidi kuja. Amesema, "Nitumieni picha ya chini ya tenga." Tutamtumia.

Kazi ya wiki hii kwako: chukua bidhaa moja, piga picha moja, andika bei, kipimo, mahali na siku. Weka kwenye stetasi yako. Kisha fungua daftari uandike nani ameuliza.

Tuonane makala ijayo, tutazungumzia kuhifadhi mahindi yasibunguliwe. Kazi njema shambani.